Ozzy au Dio: Black Sabbath uianzie wapi?

Anayetaka kuanza kuisikiliza Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, hukutana na swali ambalo bendi nyingi hazimpi msikilizaji: Black Sabbath ipi? Jina ni lilelile, na mpiga gitaa, Tony Iommi, ni yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini piga albamu ya 1970 kisha ufuatishe ya 1980, na asiyejua historia atakuapia kwamba ni bendi mbili. Kilichobadilika hasa ni mwimbaji. Mwaka 1979 Ozzy Osbourne alitimuliwa, akaingia Ronnie James Dio, na tangu hapo mashabiki wa roki nzito wana kambi mbili ambazo hadi leo hazijapatana. Walipita waimbaji wengine pia, Ian Gillan, Glenn Hughes na hasa Tony Martin, aliyekaa miaka mingi kuliko watu wanavyokumbuka, lakini si hao wanaogombaniwa.

Mgeni akiuliza, kwa kawaida huelekezwa kwa Ozzy kwa sababu ya umaarufu wake: popo aliyemng'ata kichwa, ulevi, kipindi cha televisheni. Kigezo hicho kinapotosha. Cha kutazama ni namna kila mmoja alivyokaa na watu waliomzunguka. Ozzy aliegemea: aliliegemea gitaa, akaegemea maneno ya mwenzake, akamwegemea mkewe. Dio alitaka kusimama kwa miguu yake, hata pale kusimama huko kulipomgharimu kazi. Tofauti hiyo unaisikia katika sauti zao kabla hujasoma lolote kuhusu maisha yao.

Sauti ilivyokaa na gitaa

Anza na Iommi, maana bila yeye huwezi kumwelewa yeyote kati yao. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati huko Birmingham, Uingereza, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga kwa kushoto, mkono ule ndio uliokuwa ukibonyeza nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimuumize. Kufikia albamu ya *Master of Reality* ya 1971 sauti ya gitaa lake ilikuwa imeshuka chini kwa nusu-toni tatu. Ule uzito ambao vijana wengi wameuiga kwa miaka 50 ulizaliwa na vidole vilivyojeruhiwa.

Sasa mwimbaji afanye nini juu ya gitaa la namna hiyo? Rifu za Iommi, yaani vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa hadi vikakaa kichwani, ni nyimbo kamili tayari. Ozzy alichagua kwenda nazo. Katika "Iron Man" sauti yake inakanyaga palepale gitaa linapokanyaga, noti kwa noti, kana kwamba gitaa limepata mdomo. Ni karibu zaidi na kughani kuliko kuimba. Kuna watu huuita huo udhaifu, na kwa muda mrefu mimi nilikuwa mmoja wao. Nilibadilika siku nilipojaribu kuimba wimbo huo huku nikijiwekea madoido. Uliporomoka papo hapo. Kutishia kwake kote kumo katika ule ukaidi wa kutokuacha mstari wa gitaa, na ile sauti nyembamba ya Ozzy, yenye kilio ndani yake, inapata nguvu kwa sababu ina kitu kizito cha kuegemea.

Dio hakutaka kupita njia hiyo. Iommi mwenyewe ameeleza zaidi ya mara moja kwamba Ozzy aliimba pamoja na rifu, ilhali Dio aliikatiza, akaimba juu yake na katikati yake, na jambo hilo likambadilisha hata yeye katika utunzi. Alianza kuacha nafasi. Badala ya rifu inayojaza kila pengo, gitaa hutandika akodi ndefu na kumwachia mwimbaji uwanja. Sikiliza "Heaven and Hell" mistari ya kwanza inapoingia: besi inatembea peke yake, gitaa limekaa kimya karibu kabisa, na sauti ndiyo inayoubeba wimbo. Kwa Ozzy jambo kama hilo ni nadra.

Wimbo unaofundisha zaidi kuhusu haya ni "Children of the Sea". Iommi alikuwa na mwanzo wake tangu Ozzy akiwa bado katika bendi, na haukwenda popote. Dio alipokuja kukutana nao mara ya kwanza alipigiwa kipande hicho, akajitenga kidogo na karatasi, akarudi na maneno pamoja na mahadhi. Siku hiyohiyo wakajua kwamba wana bendi.

Kuhusu uwezo wa koo lenyewe, hapana ubishi na sitauzungusha: Dio ni mwimbaji bora. Alipiga tarumbeta tangu utotoni huko Cortland, jimbo la New York, na alisema pumzi yake ameitoa huko. Alipojiunga na Sabbath alikuwa na takriban miaka 37, mkubwa kuliko Ozzy kwa miaka sita, akiwa na rekodi nyuma yake tangu miaka ya 1950 na albamu tatu za studio na Rainbow, bendi ya mpiga gitaa Ritchie Blackmore. Sauti yake ilikuwa nzito bila kukwaruza, na aliweza kutoka kunong'ona hadi kunguruma ndani ya mstari mmoja. Lakini swali lako wewe si nani anaimba vizuri. Ni nani anayekufanya uusikie wimbo.

Maneno ni ya nani?

Hapa wengi hukosea. Yale mashairi makali ya zama za Ozzy, "War Pigs" inayowashutumu majenerali na wanasiasa wanaowapeleka maskini vitani, "Hand of Doom" kuhusu wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam wakiwa wameshikwa na heroini, kwa sehemu kubwa si ya Ozzy. Yaliandikwa na mpiga besi, Geezer Butler. Ozzy alikuwa na kipaji cha kubuni mahadhi ya kuyaimbia, na nadhani hapewi heshima ya kutosha kwa hilo, ila kalamu ilikuwa ya Geezer. Hata alipotoka na kuwa peke yake, mashairi mengi ya albamu zake za mwanzo yaliandikwa na mpiga besi mwingine, Bob Daisley.

Dio aliandika yake. Alipoingia, Geezer aliikabidhi kazi hiyo bila kinyongo, na dunia ya bendi ikabadilika: wafalme, mapepo, mabaharia, upinde wa mvua, nuru na giza. Ukiwa mtu wa kutaka wimbo uzungumzie mambo ya mtaani na ya magazetini, vita, dawa za kulevya, woga wa bomu la nyuklia, utamkuta mtu wako upande wa Ozzy. Ukipenda fumbo, mfano na picha kubwa, nenda kwa Dio. Mimi picha za Dio wakati mwingine hunichosha, hasa katika albamu zake za baadaye nje ya Sabbath ambako majoka yanazidi. Mashairi ya Geezer hayajanichosha hata siku moja.

Misukosuko

Maisha ya Ozzy yanajulikana, lakini hujulikana kwa vituko tu, na vituko vinaficha huzuni. John Michael Osbourne alizaliwa tarehe 3 Desemba 1948, akakulia Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham, mmoja wa watoto sita katika nyumba ndogo. Kusoma kulimshinda kwa sababu ya disleksia. Alifanya kazi machinjioni, akafungwa wiki kadhaa katika gereza la Winson Green kwa wizi, baada ya baba yake kukataa kumlipia faini ili ajifunze. Mtu huyo akiwa na miaka 21 alitoa albamu iliyorekodiwa kwa takriban siku moja, na kabla ya mwaka 1970 kwisha, ya pili, *Paranoid*, ilikuwa namba moja Uingereza.

Hakuna aliyemwandaa kwa hilo. Pombe na kokeini viliingia, na si kwake peke yake. Bendi nzima ilizama. Wakati wa kurekodi *Sabotage* ya 1975 walikuwa wakishitakiana na meneja wao wa zamani. Mwishoni mwa 1977 Ozzy aliondoka, akarudi mwanzoni mwa 1978, na *Never Say Die!* ya mwaka huo ni albamu ya watu waliochoka. Tarehe 27 Aprili 1979, huko Los Angeles, walimfukuza. Aliyetumwa kumwambia ni mpiga dramu Bill Ward, ambaye ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Ozzy alijifungia hotelini akinywa kwa miezi, akiamini kazi yake imekwisha.

Aliyemtoa humo ni Sharon Arden, binti wa meneja wa bendi, Don Arden. Ni Sharon huyohuyo aliyekuwa amempendekeza Dio kwa Iommi. Alimsimamia Ozzy, akamtafutia wanamuziki, na tarehe 4 Julai 1982 wakaoana. Katika wanamuziki hao alikuwamo kijana wa California, Randy Rhoads, mpiga gitaa aliyeleta mafunzo ya muziki wa klasiki katika *Blizzard of Ozz* ya 1980 na *Diary of a Madman* ya 1981. Tarehe 19 Machi 1982, katikati ya ziara, Rhoads alikufa kwa ajali ya ndege ndogo huko Leesburg, Florida. Alikuwa na miaka 25. Miezi miwili kabla ya hapo, Des Moines, Ozzy alikuwa ameng'ata kichwa cha popo aliyetupwa jukwaani, akidhani ni wa mpira, akaishia kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Dunia imeshikilia popo. Ozzy mwenyewe, miaka yote iliyobaki, alimtaja Randy.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe. Septemba 1989, akiwa amelewa kupindukia, alimkaba Sharon koo akitaka kumuua. Alikamatwa, mkewe hakuendelea na mashtaka, akapelekwa kwenye matibabu. Simulizi zinazomfanya Ozzy kuwa mchekeshaji mpole huruka hapo. Mimi siruki, kwa sababu bila hilo hatuelewi ulevi ule ulikuwa kitu gani.

Misukosuko ya Dio ni ya aina nyingine, na kwa kuwa haina popo, watu hudhani haikuwapo. Aliondoka Rainbow mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Blackmore, aliyetaka nyimbo nyepesi za redioni. Aliondoka Sabbath mwaka 1982 wakati wa kuchanganya sauti za albamu ya jukwaani, *Live Evil*: Iommi na Geezer waliambiwa kwamba yeye na mpiga dramu Vinny Appice huingia studio kwa siri kuongeza sauti zao, Dio akakana, na uaminifu ukavunjika. Akaanzisha bendi yenye jina lake na mwaka uliofuata akatoa *Holy Diver*, albamu ambayo wengi huiweka juu ya chochote alichofanya. Akarudi Sabbath kwa *Dehumanizer* ya 1992, nayo ikaisha kwa namna inayomweleza kuliko wasifu wowote. Ozzy alikuwa anafanya maonyesho aliyoyaita ya kuaga huko Costa Mesa, California, Novemba 1992, na Sabbath wakaalikwa wamtangulie. Dio alikataa. Kwake, bendi ile haikuwa ya kumtangulia mwimbaji wake wa zamani. Hakuwa na njia ya kushinda: wenzake walikubali, yeye akaondoka, na kwa siku mbili nafasi yake ikashikwa na Rob Halford, mwimbaji aliyejulikana kwa bendi ya Judas Priest. Siku ya pili, tarehe 15, Ozzy, Iommi, Geezer na Ward walipanda jukwaa pamoja.

Wapo wanaouita uamuzi wa Dio kiburi. Mimi nauona kuwa ni mtu aliyejua thamani ya kazi yake wakati ambapo wote waliomzunguka walikuwa wanahesabu tiketi. Na asidhaniwe kuwa mtu mgumu: mwaka 1985, pamoja na wenzake Vivian Campbell na Jimmy Bain, aliwakusanya wanamuziki wa roki nzito kama 40 kurekodi wimbo wa kuchangia walioathirika na njaa Afrika, mradi wa Hear 'n Aid, wakati ambapo wanamuziki wa aina yao hawakuwa wakikaribishwa katika miradi mikubwa ya namna hiyo.

Jukwaani

Hapa nitapita haraka. Ozzy alikuwa rafiki wa umati: akirukaruka, akipiga makofi, akiwamwagia maji, akiwaambia watu anawapenda. Sauti yenyewe ilipotea mara nyingi, na rekodi za jukwaani zinaonyesha. Dio, mtu mfupi wa umbo, alisimama na kuongoza kama kasisi. Ile ishara ya pembe kwa vidole viwili ambayo leo kila shabiki wa roki huipiga, ni yeye aliyeieneza. Ozzy alikuwa akitumia ishara ya amani, naye akataka yake, akachukua ile ya bibi yake Mwitalia ya kufukuzia jicho la hasidi.

Uanze na ipi

Ukiwa hujawahi kusikia muziki mzito hata kidogo, na unataka kujua ulianzia wapi, usianzie kwa Dio. Anza na *Paranoid*, kisha *Master of Reality*. Ya pili ni fupi, dakika zisizofika 35, na ndiyo albamu ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu ya zama zile. Zikikuingia, nenda *Sabbath Bloody Sabbath* ya 1973. *Technical Ecstasy* na *Never Say Die!* ziache hadi uwe umeshawapenda kiasi cha kuwasamehe.

Ukiwa mtu unayesikiliza sauti kwanza na vyombo baadaye, mtu ambaye mwimbaji akiteleza unaumia, basi Ozzy atakukatisha tamaa kabla hujafika kwenye uzuri wake. Kwako wewe mlango ni *Heaven and Hell* ya 1980. Ina nyimbo nane, na hakuna hata mmoja wa kurukwa. Wimbo wenye jina la albamu huanza polepole, hukimbia kuanzia katikati, na huisha kwa gitaa tulivu lisilo la umeme. Usiuzime kabla ya hapo. Baada yake kuna *Mob Rules* ya 1981, yenye ukali zaidi. *Dehumanizer* ni chungu na kavu, nami naipenda, lakini si ya kuanzia.

Hakuna aliyebaki kati yao. Mwaka 2006 Dio, Iommi, Geezer na Appice waliungana tena kwa jina la Heaven & Hell, wakiacha jina la Black Sabbath kwa kundi la Ozzy, wakapiga nyimbo za zama zao tu, wakatoa *The Devil You Know* mwaka 2009. Novemba mwaka huo Dio aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alifariki Houston tarehe 16 Mei 2010, akiwa na miaka 67. Ozzy alirudi Sabbath kwa albamu ya *13* mwaka 2013, bila Bill Ward, na kwa mara ya kwanza Sabbath ikashika namba moja Marekani. Ugonjwa wa Parkinson ulimlegeza mwili. Tarehe 5 Julai 2025 aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi katika uwanja wa Villa Park, Aston, kwao, na wale watatu wa mwanzo wakiwa pamoja naye. Alifariki siku 17 baadaye.

Kama bado umekwama, kuna jaribio moja. Itafute *Live Evil*, ileile albamu iliyowagombanisha. Humo Dio anaimba "War Pigs", "Iron Man" na "Black Sabbath", nyimbo za Ozzy. Cheza kwanza "Black Sabbath" ya 1970, ukiwa gizani kama inawezekana: kengele, mvua, noti tatu, na kijana anayelia kwa hofu asiyeweza kuificha. Halafu cheza ya Dio. Ameipamba, ameinyoosha, ameipa mwili, na kwa kila kipimo cha uimbaji ameimba vizuri zaidi. Mimi, ninayempenda Dio kuliko mwimbaji yeyote wa muziki huu, kwa wimbo huo humrudia Ozzy kila mara, kwa sababu Ozzy ndiye anayeogopa.